Nani Anaiendesha Mpanda?

Mpanda ni mji uliozoea kupokea watu waliotumwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilichepusha reli kutoka Kaliua, kilomita 210 za pori la miombo, ili kuyafikia madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira. Wahandisi walitumwa, makarani wakatumwa, mabwana stesheni wakatumwa. Mgodi ulikuja kufungwa, lakini treni iliendelea kuja na watumishi wakaendelea kuja nayo: mwalimu, mganga, bwana shamba, hakimu. Mpaka leo, ukikaa na watumishi wa umma wa mji huo ukawauliza wako Mpanda tangu lini, wengi watakutajia mwaka waliopangiwa kituo.

Sura hii inawahusu wao, na chombo kinachotakiwa kuwasimamia ingawa hakikuwachagua: Halmashauri ya Manispaa ya Mpanda.

Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa wilaya ya pembezoni katika mkoa wa wengine. Ilikuwa chini ya Tabora, kisha mwaka 1974 ikaunganishwa na Sumbawanga kuunda Mkoa wa Rukwa. Aliyetaka saini ya mkoa alifunga safari hadi Sumbawanga kwa barabara ya vumbi inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na akikuta mwenye saini yuko semina, alilala. Machi 2012 Katavi ikawa mkoa, sambamba na Geita, Njombe na Simiyu. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, ni mzaliwa wa Kibaoni, huko huko Katavi, na kabla ya hapo alikuwa waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Wenye kusema walisema. Kwa maoni yangu mkoa ulistahili, tena ulichelewa.

Kazi ilianza baada ya tangazo. Katavi leo ina halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Kila moja inahitaji mkurugenzi, mweka hazina, mwanasheria, mkaguzi wa ndani, afisa mipango, afisa utumishi, mhandisi, na magari ya kuwabeba. Halmashauri mama inapozaa, wataalamu hawaongezeki siku ile ile, hugawanywa waliopo. Kinaitwa kikao cha mgawanyo wa mali na madeni, na aliyewahi kukaa humo anajua ubishi wake: gari zima linagombewa, bovu linasukumiwa upande wa pili, na madeni ya watumishi hayana mwenyewe.

Wakati viongozi wanagawana magari, watu walikuwa wanaingia. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta Katavi watu 564,604. Sensa ya 2022 ikawakuta 1,152,958. Idadi imezidi maradufu katika miaka kumi, na hakuna mkoa mwingine wa Tanzania uliokua kwa kasi hiyo. Wafugaji na wakulima kutoka kanda ya Ziwa, wachimbaji wadogo wa dhahabu, wafanyabiashara wa mahindi na mpunga, wote wamejipatia nafasi. Manispaa yenyewe ilitoka watu 102,900 ikapita 240,000. Kupanga mji unaokua hivyo kungewatoa jasho hata wenye wataalamu wa kumwaga.

Mpanda ni manispaa, ngazi moja chini ya jiji, lakini mgeni asitarajie majengo tu. Ina kata 15. Kashaulili na Majengo ni mjini hasa, kuna kata inayoitwa Mpanda Hotel na nyingine Uwanja wa Ndege, kisha ukielekea Kakese na Mwamkulu unakutana na majaruba ya mpunga. Sheria inayoiongoza ni ile ya Mamlaka za Miji, Na. 8 ya mwaka 1982, sheria ile ile inayoliongoza Jiji la Mwanza.

Chombo cha juu cha manispaa ni Baraza la Madiwani. Hukutana kila robo mwaka. Wamo madiwani waliochaguliwa katika kata, madiwani wanawake wa viti maalumu wasiopungua theluthi, na mbunge. Meya, ambaye madiwani humchagua miongoni mwao, anakalia kiti akiwa amevaa joho na mkufu. Pembeni yake ameketi mtu mwenye mafaili: Mkurugenzi wa Manispaa, ambaye kwa sheria ndiye katibu wa Baraza. Sehemu ya kikao ninayoipenda ni taarifa za kata, pale kila diwani anapoeleza robo yake ya mwaka. Wa mjini ataongelea mitaro, taka na taa za sokoni. Wa kata za mashamba ataongelea ng'ombe walioingia kwenye mpunga, zahanati yenye muuguzi mmoja, na shule ambayo mwalimu wake wa hesabu amehama bila kuletewa mwingine. Wataalamu wamekaa safu zao, wananakili. Meya anauliza, "Mheshimiwa Mkurugenzi, majibu?" Mkurugenzi anasimama: tumepokea, tumeomba kibali, tunasubiri.

Kusubiri huko ndiko kiini cha jambo. Mkurugenzi hakuajiriwa na watu wanaomuuliza. Aliteuliwa na Rais, na Rais ndiye anayeweza kumhamisha au kutengua uteuzi wake. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwa mkupuo wakurugenzi wa halmashauri 185, nchi nzima. Hakuna baraza lililopiga kura. Kwingineko wamechagua njia nyingine. Mji wa Dayton, jimbo la Ohio huko Marekani, ulipogharikishwa na mafuriko mwaka 1913, wenyeji waliamua mwaka huo huo kuwa na meneja wa mji, mtaalamu anayetafutwa na baraza, anayelipwa na baraza, na anayeweza kufukuzwa na baraza hilo hilo. Mfumo huo ulienea Marekani. Jirani zetu Kenya, kwa Katiba ya 2010, wamempa kila gavana wa kaunti kura za wananchi na kila kaunti bodi yake ya kuajiri. Wakenya watakwambia bodi hizo zina ndugu, makabila na mishahara hewa ya kutosha. Ni kweli, na ndiyo maana simwoni Mkurugenzi wa kuteuliwa kuwa balaa. Anayetoka mbali hana shemeji kwenye zabuni. Tatizo lake ni kwamba macho yake yanatazama Dodoma, hata akiwa ameketi mkabala na madiwani.

Tanzania ilishawahi kwenda mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, serikali ilizivunja halmashauri na kukabidhi kazi zake kwa maafisa wa mikoa na wilaya. Ikaitwa Madaraka Mikoani. Madaraka yalikwenda mikoani kweli, yakiwa mikononi mwa watu waliotumwa kutoka Dar es Salaam. Miji ikajaa taka, mifereji ikaziba, kipindupindu kikapita. Mwaka 1978 ilibidi halmashauri za miji zirudishwe, na mwaka 1984 zikarudi za wilaya, kwa sheria zilizopitishwa 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba kuzifuta lilikuwa kosa.

Halmashauri zilirudi, ila uwezo wa kuajiri ulirudi kwa vipande. Hebu tumfuatilie muuguzi mmoja wa kufikirika. Zahanati ya kata fulani ya pembezoni inamhitaji. Afisa Utumishi wa manispaa anaiingiza nafasi hiyo kwenye ikama na kwenye bajeti ya mishahara, ndani ya ukomo uliotolewa na Hazina. Maombi yanapita mkoani, yanafika TAMISEMI na Ofisi ya Rais Utumishi. Kibali kikitoka, nafasi inatangazwa kitaifa, vijana wanaomba kwenye mfumo wa ajira, wanasailiwa, wanapangwa. Yule muuguzi, labda mzaliwa wa Moshi, anaona jina lake mbele ya neno Mpanda, anafungua ramani ya simu.

Anaripoti. Anatakiwa kulipwa fedha za kujikimu, na mara nyingi anaambiwa OC, yaani fedha za matumizi mengineyo, haijaingia. Nyumba ya mtumishi haipo au imeshikwa. Mshahara wake hautoki kwenye hazina ya manispaa. Unatoka Hazina kuu kupitia mfumo mmoja wa nchi nzima, kwa hiyo Mkurugenzi hawezi kumwongezea hata senti ya kumshawishi abaki. Akishathibitishwa kazini, anaanza kutafuta uhamisho: kumfuata mwenza, kumtunza mzazi, kubadilishana na mwenzake wa Arusha. Siku hizi maombi hayo hufanyika kwenye mfumo wa kompyuta, na ni afadhali, maana zamani ilikuwa safari na bahasha. Lakini akiondoka, nafasi yake inarudi mwanzo wa foleni. Zahanati iliyojengwa kwa miezi sita inaweza kumsubiri mtu kwa miaka. Tumekuwa hodari wa kujenga. Mwaka 2021 fedha za mkopo wa UVIKO zilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima kwa muda mfupi wa kustaajabisha. Walimu wa kuingia humo hawafyatuliwi kama tofali.

Pengo hilo linazaa kitu ambacho kila ofisi ya pembezoni inakijua: kukaimu. Mkuu wa idara amehamishwa au amestaafu. Mrithi wake lazima afanyiwe upekuzi na kuidhinishwa juu. Basi afisa wa chini yake anaandikiwa barua ya kukaimu. Kanuni zinataka asizidi miezi sita. Miezi sita inapita, mwaka unapita, naye bado anasaini "Kny. Mkurugenzi" kwa cheo ambacho si chake. Kaimu hamkaripii mwenzake kwa nguvu, kwa sababu kesho wanaweza kurudi meza moja. Hapangi mambo ya miaka mitatu. Manispaa inaweza kuwa na mpango mkakati uliochapwa vizuri, rangi na picha za viboko wa Katavi juu ya jalada, na wa kuutekeleza wakawa nusu ni makaimu.

Baraza halikosi meno kabisa. Kwa Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, halmashauri ndiyo mamlaka ya nidhamu ya watumishi wake, walimu wakiwa na tume yao. Likifika jambo hilo, Meya hutangaza kwamba Baraza litakaa kama kamati. Wageni na waandishi wanatoka, mlango unafungwa, na humo ndani mashauri ya watoro, ya waliokula makusanyo na ya walioghushi yanajadiliwa. Mlango ukifunguliwa, huwa kuna aliyefukuzwa, aliyeshushwa cheo, aliyepewa onyo. Aliyefukuzwa anaweza kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, na si ajabu akarudishwa kwa sababu hati ya mashtaka ilikosewa au kamati ya uchunguzi iliundwa kinyume cha taratibu. Madiwani hulalamika kwamba wanarudishiwa wezi. Mara nyingi kosa ni la ofisi iliyoandaa shauri vibaya, na ofisi hiyo inaongozwa na nani? Na kaimu.

Kuhusu fedha sitakawia, kwani sura iliyopita imezungumzia kodi. Itoshe kusema kwamba vyanzo vizuri vimekuwa vikihama. Kodi ya kichwa ilifutwa 2003. Kodi ya majengo ilipelekwa TRA mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Barabara za mitaa, ambazo diwani huziahidi kila kampeni, ziko chini ya TARURA tangu Julai 2017, na maji yako kwa mamlaka yake. Mpanda imebaki na ushuru wa huduma, leseni, vibanda, machinjio, stendi na mazao. Ushuru wa mazao wenyewe ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiofika tani moja hautozwi ukivuka halmashauri.

Kwenye ushuru huo ndipo unapomwona mtumishi ambaye manispaa imemchagua yenyewe. Msimu wa mahindi, kizuizini, anakaa kijana chini ya mwembe au turubai, mashine ya POS mkononi, chaja ya kuazima ikining'inia dukani kwa jirani. Ni wa mkataba, analipwa kutoka mapato ya ndani, pengine kwa kamisheni. Lori linasimama, utingo anashuka, wanahesabu magunia, wanabishana kama ni tani moja au imezidi. Mashine inatema risiti. Fedha taslimu inabaki mfukoni mwake mpaka aipeleke benki, na kati ya mfuko na benki ndipo panapovuja. Ripoti za CAG zimekuwa zikirudia mwaka hadi mwaka, kwa halmashauri nyingi nchini, makusanyo ya POS yasiyofika benki. Kwa hiyo mtu anayeshika fedha nyingi za manispaa kwa siku ndiye mwenye ajira dhaifu kuliko wote. Sijui mfanyabiashara yeyote wa Soko Kuu ambaye angeendesha duka lake hivyo.

Mtumishi mwingine wa kumtazama ni Mtendaji wa Mtaa. Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu namwona huyu kuwa mhimili wa mji na ndiye asiyezungumzwa. Ni kijana wa kidato cha nne au zaidi, mwenye cheti cha serikali za mitaa, pengine cha chuo cha Hombolo, Dodoma, anayeanzia ngazi ya mshahara ya TGS B. Ofisi yake inaweza kuwa chumba cha kupanga. Asubuhi anaandika barua ya utambulisho kwa anayefungua akaunti benki, kisha anasuluhisha mpaka wa kiwanja, anasainisha fomu ya mwanafunzi wa bweni, anawafuatilia waliomwaga taka mtaroni, anajaza orodha ya kaya za TASAF, anapokea simu ya Mtendaji wa Kata inayodai takwimu za mifugo kabla ya saa nane. Vyandarua vikija, vinapitia kwake, chanjo, kwake, mwenge, kwake. Mwenyekiti wa Mtaa, aliyechaguliwa na wakazi na ambaye hana mshahara, ana muhuri na heshima. Mtendaji ana daftari.

Mwaka 2017 ulimtikisa. Uhakiki wa vyeti, ambao Aprili mwaka huo ulitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, ulifuatiwa na msako wa wasiokuwa na kidato cha nne. Watendaji wa vijiji na mitaa wengi, watu wa darasa la saba waliofanya kazi miaka kumi na zaidi, waliondolewa. Baadaye serikali ikaamua kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 hawakuwa na kosa, wakaitwa kurudi. Katikati hapo, mitaa na vijiji vilikaa bila watendaji, na mmoja akawa anashika maeneo mawili au matatu. Uamuzi wa kuwaondoa ulitolewa mbali na mitaa yenyewe, bila kuuliza nani atashika daftari kesho asubuhi. Kisha mwaka 2021 serikali kuu ikachukua mzigo wa kulipa posho ya mwezi ya diwani katika halmashauri zenye mapato madogo, na Mtendaji wa Kata akapewa posho ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Hatua nzuri. Iliishia kwenye kata.

Kuna tofauti nyingine ambayo wakazi wa Mpanda wanaiona wakivuka tu mpaka wa wilaya. Kijiji, kwa sheria, ni chombo chenye nafsi yake: kinamiliki, kinaingia mkataba, kinashtaki. Mtaa hauna hadhi hiyo. Huko Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vinavyouzunguka msitu wa Ntakata vimeingia mradi wa hewa ukaa, na fedha zake, mabilioni ya shilingi, zimejenga zahanati, madarasa na ofisi za vijiji. Mkutano mkuu wa kijiji unaamua matumizi. Mtendaji wa kijiji cha namna hiyo ana bajeti; mwenzake wa mtaa wa Manispaa, mwenye elimu ile ile, ana kalamu na simu yake binafsi. Watu wa vijiji vilivyo pembezoni mwa miji hushangilia wakiambiwa wanaingizwa mjini, kwa kuwa bei ya viwanja hupanda. Hawaambiwi wanachokipoteza.

Sitaki tuige Kenya, wala sitaki Mkurugenzi apigiwe kura. Nataka mambo mawili. Kada za chini, yaani watendaji wa mitaa, wahudumu wa afya, madereva na wakusanya mapato, ziajiriwe Mpanda na Bodi ya Ajira ya Mpanda, kwa mishahara ya Hazina, kutoka kwa vijana wa Katavi. Wapo, wakiwamo watoto wa waliokuwa wakimbizi wa Burundi wa Katumba na Mishamo ambao serikali iliwapa uraia, waliosoma na ambao hawana Arusha ya kuhamia. La pili, mkuu wa idara anayekubali kukaa pembezoni alipwe zaidi ya aliye Dodoma mjini, na jambo hilo liwe kwenye waraka, lisibaki hisani ya mtu.

Vikao vya kawaida vya Baraza viko wazi kwa mwananchi yeyote. Ukiwa mkazi wa Mpanda, nenda ukasikilize taarifa za kata. Kabla ya hapo pita ofisi ya mtaa wako, uliza kama mtendaji unayemkuta ni wa mtaa huo au anashika na mingine, na jibu utakalopewa mpelekee diwani wako aliseme barazani.